Msasani hadi Unguja kwa tanga: panga safari kuanzia nanga

Jioni moja miaka ya mwanzo wangu baharini nilikuwa narudi Msasani, Dar es Salaam, kutoka Unguja. Jua lilikuwa usawa wa macho, maji yamepwa, na mbele yangu kulikuwa na mng'ao mtupu kama bati jipya. Nilijua kuna miamba upande wa kisiwa cha Bongoyo na mingine upande wa kisiwa cha Pangavini, ila sikuweza kuona hata mmoja. Niliingia polepole, mwenzangu amesimama omo, mbele kabisa ya chombo, na kwa muda mfupi tuliuona mwamba chini ya chombo, karibu kiasi cha kuhesabu chaza wake. Hatukugusa. Usiku ule nilielewa kwamba kosa sikulifanya pale mlangoni. Nililifanya asubuhi Mji Mkongwe, nilipochagua saa ya kuondoka bila kuuliza nitafika saa ngapi, jua likiwa wapi na maji yakiwa kiasi gani.

Tangu siku ile napanga kinyumenyume. Naanza na mahali nitakapotia nanga, natoka hapo kwenda saa ya kuingia, kisha maji, kisha upepo. Saa ya kuondoka ndiyo ya mwisho kuandikwa. Hapa chini nimeeleza utaratibu huo kwa mfano wa safari ambayo wengi wetu huitamani kwanza: Dar hadi Mji Mkongwe na kurudi. Hesabu zangu ni za chombo cha mlingoti mmoja, urefu wa mita 9, kinachozama mita 1.5 na kwenda maili 5 za baharini kwa saa upepo ukiwa mzuri. Chako kikiwa tofauti, badilisha tarakimu, lakini mpangilio uache ulivyo.

## 1. Jua uko msimu gani

Pwani yetu ina pepo kuu mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, huanza Aprili na kufika hadi Septemba au Oktoba, na makali yake ni Juni, Julai na Agosti. Katikati kuna maleleji, siku ambazo upepo hauna mwelekeo na tanga linaning'inia.

Juu ya msimu kuna mwendo wa kila siku, na huu ndio wageni husahau. Usiku nchi kavu hupoa, na alfajiri huja umande, upepo mwepesi wa kutoka bara. Wakati wa kusi, alfajiri mara nyingi upepo hutoka kusini-magharibi, ni wa upole, kisha kuanzia saa 3 au 4 unageuka kusini-mashariki na kuongezeka hadi alasiri. Anayeondoka saa 12 asubuhi na anayeondoka saa 5 siku hiyohiyo wanasafiri kwenye bahari mbili tofauti.

Aprili na Mei sivuki bila sababu kubwa. Mvua za masika huja na mawingu mazito yanayoleta upepo wa ghafla, na mvua ikishuka huoni hata omo yako. Zamani tulizoea kusema vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika hadi Mafia, kwa hiyo siku hizi hilo nalo naliangalia kabla ya kufungua tanga.

## 2. Chagua mahali pa nanga, na pa akiba

Mahali pazuri pa nanga wakati wa kusi panaweza kuwa pabaya sana wakati wa kaskazi. Chukua ramani ya bahari, chora mshale wa upepo wa msimu, kisha uliza: kati ya mshale huu na chombo changu kuna nini? Kama ni nchi, kisiwa au mwamba mrefu, una kinga. Kama ni maji matupu hadi India, huna.

Ghuba ya Msasani yenyewe ni somo. Rasi ya Msasani inaikinga dhidi ya kusi, ndiyo maana Julai unaweza kulala pale kama uko bwawani. Lakini mdomo wa ghuba umeelekea kaskazini. Januari alasiri mawimbi huingia moja kwa moja, vyombo vinaruka kwenye kamba zao, na kupanda kutoka mtumbwini kunahitaji kupimia wimbi.

Mbudya na Bongoyo zina fukwe upande unaotazama bara, kwa hiyo wakati wa kusi unaweza kutulia nyuma yake vizuri. Pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, visiwa hivyo ni hifadhi ya bahari tangu 1975. Kuna ada ya kulipa, na kuna wajibu ambao sihitaji askari wa kunikumbusha: nanga hushuka kwenye mchanga, siyo kwenye matumbawe. Maji yakiwa meupe au kijani kibichi, chini ni mchanga. Yakiwa ya kahawia au meusimeusi, ni mwamba au majani. Zunguka mpaka upate doa jeupe.

Kusini ya mlango wa bandari kuna kisiwa cha Sinda, mbele ya Kigamboni, pazuri pa kujifunzia kabla ya kuvuka. Bandari ya Dar yenyewe ni kinga ya mwaka mzima ukishaingia ndani, lakini mlango wake ni mwembamba, maji hukimbia kwa nguvu, na meli kubwa haina pa kukwepea. Maji yanapotoka na upepo unapoingia, mawimbi husimama wima pale. Sipangi kuingia humo. Nimeiweka kwenye karatasi kama pa kukimbilia tu, na redio ikiwa wazi.

Upande wa Unguja, mji umekaa kwenye ncha iliyochomoza magharibi, Ras Shangani. Wakati wa kusi tulia upande wa kaskazini wa ncha hiyo, kuelekea Forodhani na Malindi, ukiwaachia nafasi boti za abiria na majahazi. Kaskazi ikivuma, upande huo hupokea mawimbi, na upande wa kusini wa Shangani ndio hutulia zaidi. Chumbe, chenye mnara wa taa wa tangu 1904, ni alama nzuri ya njiani, ila matumbawe yake ni hifadhi, usipange kutia nanga hapo.

Kisha kuna Ghuba ya Menai, kusini-magharibi ya Unguja, na ndani yake kisiwa cha Kwale na pwani ya Fumba. Mafungu ya mchanga ni mengi, kwa hiyo pia panahitaji jua la juu. Hapa pana nafasi ya pekee kwenye safari ya kurudi, nitapaeleza mbele.

Kwa kila mahali andika vitu vitatu: pana kinga ya upepo upi, chini kuna nini, na nitatokaje usiku upepo ukigeuka. Hicho cha tatu kikikosa jibu, tafuta pengine.

## 3. Saa ya kuingia: jua na maji

Miamba yetu husomwa kwa macho. Simu yenye ramani inasaidia, ila ramani inaweza kukosea kwa upana wa chombo chako, na mwamba hausogei kukupisha. Jua linatakiwa liwe juu na nyuma yako, kwa hiyo muda mzuri ni kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri. Ukielekea mashariki au kaskazini-mashariki, kama unapoingia Unguja, alasiri ni rafiki. Ukielekea magharibi au kusini-magharibi, kama unapoingia Msasani, alasiri ni adui, na unatakiwa uwe umefika kabla ya saa 7. Tofauti hiyo moja ndiyo inayozifanya safari ya kwenda na ya kurudi zisifanane hata kidogo.

Sasa maji. Hapa kwetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu hushuka hadi karibu mita 1. Wavuvi hawahitaji kitabu kujua hilo. Wanahesabu mwezi: mwezi mchanga na mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu baada yake, ni bamvua; siku ya nane au ya tisa tangu mwezi kuandama, na ya ishirini na mbili au tatu, ni maji mafu.

Kuna jambo la Dar ambalo likikukaa kichwani litakuokoa mara nyingi. Siku za bamvua, maji hujaa kilele kwenye saa 10 au 11, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa kwenye saa 4 au 5, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu ni kinyume: hujaa katikati ya asubuhi. Kwa hiyo bamvua hukupa zawadi. Jua linapopanda, maji yamepwa na miamba imejitokeza. Adhuhuri maji yanaanza kuingia, na wewe unaingia pamoja nayo. Ukigusa mchanga kwa bahati mbaya, baada ya dakika chache maji yatakunyanyua. Anayegusa maji yakiwa yanatoka atakaa hapo saa nyingi, chombo kimelala ubavu. Kanuni yangu haina ubishi: mahali nisipopajua naingia maji yakijaa tu.

Makadirio haya hayachukui nafasi ya jedwali. Pata kitabu cha majira ya maji cha Mamlaka ya Bandari, tafuta siku yako, unakili nyakati zake nne, mbili za kujaa na mbili za kupwa, kwenye karatasi. Unakili kwa saa za Kiswahili! Kitabu kikisema 10:20, andika saa 4:20 asubuhi. Nimeona watu wazima wenye akili zao wakikosea hapo kwa saa sita nzima, na kwenye maji saa sita ni kutoka kujaa hadi kupwa. Programu nyingi za hali ya hewa nazo huonyesha saa za Greenwich. Ongeza 3 upate saa zetu, kisha ugeuze.

Kujua kina katikati ya kujaa na kupwa, gawanya tofauti kwa 12. Saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 3, kila sehemu ni sentimita 25. Saa mbili baada ya kupwa una sentimita 75 juu ya kiwango cha chini. Saa tatu baada ya kupwa una mita 1.5. Ukisubiri saa moja tu zaidi, kutoka saa ya pili hadi ya tatu, unaongeza sentimita 75, nusu nzima ya kina ninachohitaji mimi.

## 4. Kwenda: mfano wa Agosti

Kutoka mdomo wa Msasani hadi Mji Mkongwe ni kama maili 35 za baharini, karibu kaskazini kamili. Kusi linatoka nyuma kwenye pembe ya kulia ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, hali inayopendwa na kila chombo cha tanga. Zaidi ya hapo, mkondo mkuu wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na kusi huuongezea nguvu. Nahesabu maili 1 ya msaada kwa saa, ikizidi ni faida.

Kwa hiyo: maili 5 za chombo na 1 ya mkondo ni 6 kwa saa. Maili 35 ni karibu saa 6. Naongeza saa 1 ya akiba. Nachagua siku ya bamvua ambayo maji yanapwa saa 4 na nusu asubuhi, nataka kuingia kati ya saa 7 na saa 9 mchana, maji yakipanda, jua likiwa magharibi nyuma yangu. Kutoka saa 7 mchana nahesabu kurudi nyuma muda wa saa 7: naondoka saa 12 asubuhi, kunapopambazuka. Umande unanitoa ghubani, na kusi likikaza saa 4 nimeshafika maji marefu.

Hapo ndipo saa ya kuondoka inapozaliwa. Sikuichagua mimi.

Weka pia saa ya kukata shauri. Nikiwa sijafika nusu ya njia ifikapo saa 5, najua nitachelewa, nawasha injini mapema. Saa 10 jioni haifai kuwa mwanzo wa kuhangaika.

Njiani tazama mambo matatu. Boti za kasi za abiria hupita njia hiyohiyo na mawimbi yake huja ubavuni. Geuza omo yapokewe vizuri. Ngalawa na nyavu ziko kila mahali karibu na pwani. Na upepo wa nyuma hudanganya: unaona shwari kwa sababu unakimbia nao. Geuka kidogo kila saa uusikie usoni. Ukijiuliza kama wakati wa kupunguza tanga umefika, umeshafika.

Kaskazi ikiwa ndiyo inavuma, kwenda Unguja ni kubisha, yaani kupanda kinyume na upepo kwa kwenda upande huu na upande ule, njia nzima, na upepo unaoukabili mkondo huinua mawimbi mafupi makali. Wanaoanza waiache safari hiyo, wajipange kwa visiwa vya karibu.

## 5. Kurudi, ambako kazi iko

Wengi hupanga kwenda tu. Kurudi wakati wa kusi una pepo za omo na mkondo unaokurudisha, na juu yake unatakiwa uingie Msasani kabla jua halijashuka.

Tazama pembe zake. Kusi linatoka digrii 135. Chombo changu hukaribia upepo hadi kama digrii 50, kwa hiyo upepo ukiwa ubavu wa kushoto omo inaelekea digrii 185, karibu kusini kamili. Kwenye karatasi umefika nyumbani. Majini mawimbi yanakusukuma pembeni, mkondo unakuvuta kaskazini, na njia halisi inakuwa digrii 200 au zaidi. Alasiri unajikuta pwani kati ya Bagamoyo na Mbweni, Dar ikiwa bado iko upande wa upepo, na mabaharia wako wamechoka.

Dawa ni kupata mashariki mapema. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kuondoka Mji Mkongwe usiku wa manane kwa upepo wa kusini-magharibi. Upepo huo ukiwa ubavu wa kulia, unaweza kuelekea kusini na kidogo mashariki. Ukigeuka kusini-mashariki asubuhi, nawe unageuza chombo, na sasa digrii 200 inakuleta Mbudya badala ya Bagamoyo. Inafanya kazi, ila unatoka gizani katikati ya miamba na ngalawa zisizo na taa. Simshauri mtu ambaye hajaingia na kutoka pale mchana mara kadhaa.

Ya pili ndiyo ninayoipenda. Siku moja kabla, ondoka mjini asubuhi, pita magharibi ya Chumbe, nenda Kwale kwenye Ghuba ya Menai. Ni kama maili 15, kisiwa cha Unguja na miamba yake vikivunja nguvu ya mawimbi. Ingia jua likiwa juu, lipa ada ya hifadhi, pika, lala mapema. Kesho yake Msasani iko kusini yako maili 22 hivi badala ya 35, nawe umeshapata mashariki uliyoihitaji. Ondoka saa 12 asubuhi na umande. Hata ukipata maili 4 tu kwa saa, unafika kabla ya saa 6 mchana, jua likiwa utosini. Siku ya bamvua maji yatakuwa ndiyo kwanza yanaanza kuingia.

Siku moja ya ziada, basi. Wanaokwama kwenye safari hii mara nyingi ni wale walioahidi kuwa ofisini Jumatatu. Kama huna siku ya akiba, acha chombo Unguja, panda boti ya abiria, urudi kukifuata wiki nyingine.

## 6. Kabla ya kung'oa nanga

Siku tatu kabla anza kusoma utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Tahadhari yao ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 haina mjadala kwa chombo kidogo: hatuendi. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit, boti ya abiria yenye injini, ilipinduka karibu na Chumbe ikitoka Dar, na watu wengi wakafa. Ni njia yetu hiihii, na ni mwezi ambao kusi liko kwenye makali yake. Kila ninapopita pale nakumbuka.

Uliza mapema nyaraka zinazotakiwa na mamlaka za pande zote mbili, bara na Zanzibar. Jaketi la kuokolea kwa kila mtu, likiwa limevaliwa, siyo chini ya kitanda. Redio kwenye chaneli 16, taa, maji ya kunywa ya siku mbili zaidi, mafuta ya kutosha kwenda nusu ya njia kwa injini, na ramani ya karatasi yenye mistari yako ya penseli.

Amari, yaani kamba au mnyororo wa nanga, ihesabiwe kwa maji ya kujaa, siyo unayoyaona. Ukitia nanga kwenye mita 3 wakati wa kupwa, bamvua italeta mita 6; ongeza mita 1 ya urefu wa omo, ni 7. Ukiwa na mnyororo zidisha kwa 5, mita 35. Ukiwa na kamba zidisha kwa 7, mita 49. Na ukitia wakati wa kujaa, fanya hesabu ya upande wa pili: toa mita 3 kwenye kina chako uone kama bado utaelea alfajiri. Niliwahi kuamka Mbudya sufuria zikiteleza kwa kuwa sikuitoa hiyo mita 3.

Nanga ikishashika, chagua alama mbili nchi kavu zilizo kwenye mstari mmoja, mnazi na paa la nyumba kwa mfano, na uzitazame kwa dakika 20. Zikiachana, nanga inakokota. Iinue utie upya kabla giza halijaingia. Zikitulia, mpigie yule uliyemwachia karatasi yako ya safari umwambie umefika, kwa sababu uliandika kwamba usipompigia hadi saa 12 jioni awaarifu waokoaji.